Siku Mstari Alipochagua Kibao

Tangu wajuane, Mstari hakuwahi kumshika mkono.

Fundi Miwani aliliwaza jambo hilo walipokuwa wakipanda ngazi za duka la vifaa vya kuchorea, yeye mbele, mchumba wake nyuma. Si kwamba alikuwa na pupa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mcha Mungu, aliyelelewa na shangazi mkali baada ya mama yake kufariki, na alijua kwamba mkono wa mwanamke si kitasa cha mlango cha kushikwa na kila apitaye. Lakini wachumba hushikana mikono, jamani! Huyu wake alitembea siku zote akiwa ameizamisha mikono yake mifukoni, kama mtu aliyeweka humo vifaranga na anaogopa wasitoroke.

"Na Jumapili?" alimuuliza walipofika katikati ya ngazi.

"Jumapili kuna nini?"

"Usinifanyie hivyo. Jumapili kwa shangazi."

"Ah! Jumapili." Mstari alitazama chini. "Mungu akipenda."

Mara mbili Mungu alikuwa amependa na Mstari hakutokea. Mara ya kwanza alisema ana homa. Mara ya pili alisema kazi imemkaba. Mara zote hizo shangazi alikuwa amepika, akatandika kitambaa cha meza cha wageni, akakaa akiutazama mlango mpaka chakula kikapoa. Mara ya pili hakusema neno. Alikunja kitambaa chake taratibu, akakirudisha kabatini, na Fundi Miwani akaona bora angegombezwa.

Kisha yakaja maneno. Mwenye saluni wa jirani alikuwa amemwita Mstari asubuhi moja kumchorea bango la duka lake, akamwona mikono ikimtetemeka. Alimweleza shangazi, na shangazi hakuyaweka kwapani.

"Mikono ya asubuhi haidanganyi, binti yangu. Inayotetemeka kabla ya chai inaililia chupa."

"Hanywi, shangazi."

"Umejuaje? Umemnusa?"

"Nimemnusa."

"Ala! Umemnusa wapi wewe?"

Hapo mazungumzo yalikuwa yameishia pabaya. Fundi Miwani, ambaye hakuwahi kuuona mtetemeko huo kwa macho yake, hakumweleza Mstari hata chembe ya maneno yale. Aliona kwamba swali kama hilo, ukimuuliza mtu unayempenda, limeshamhukumu kabla hajajibu. Akaamua kulibeba mwenyewe, kila usiku akilipeleka kwa Mungu, na kila asubuhi akiamka nalo.

Ndani ya duka kulikuwa na harufu ya plastiki mpya na karatasi. Vibao vya kuchorea vilipangwa juu ya meza ndefu, vingine vidogo kama sahani, vingine vikubwa kama sinia, kila kimoja na kalamu yake pembeni. Msichana wa duka aliwakaribisha kwa bashasha. Miwani yake ilikuwa imeungwa kwa gundi upande mmoja, na jicho la Fundi Miwani likaenda hapo hapo.

"Tunatafuta kibao cha huyu," alisema. "Ni mchora mabango. Yale ya maduka, ya shule, ya ukutani. Wanamwita Mstari kwa sababu anapiga mstari ulionyooka bila rula."

"Walikuwa wakiniita," Mstari alisema kwa sauti ya chini.

Fundi Miwani alidhani ni unyenyekevu, akatabasamu.

"Basi umefika, kaka," alisema msichana. "Viko vya namna mbili. Hiki hakina kioo. Unachora hapa, picha inatokea kwenye kompyuta. Mkono huku, macho kule. Siku za mwanzo utajiona kama mtu anayejinyoa gizani. Na hiki kina kioo chake. Unachora juu ya picha yenyewe, kama karatasi."

"Cha kioo," Fundi Miwani aliamua papo hapo. "Mtu aone anachokifanya."

Aliinama akakitazama kibao kwa upande, kama alivyozoea kutazama lenzi. Alikuwa amekata vioo vya miwani tangu usichana wake, na macho yake hayakujua kupumzika. "Hiki kioo chake kinene. Ncha ya kalamu iko hapa, mstari unatokea pale. Hapana. Huna chembamba zaidi?"

"Ninacho." Msichana alivuta kibao kingine kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayemtoa mtoto mchanga kitandani. "Hiki ndicho bora kuliko vyote. Kinahisi kila kitu. Ukigusa kama unyoya kinajua, ukiegemea kinajua. Hata ukipumua vibaya kinajua."

"Hicho hicho!"

"Fundi," Mstari alisema, "si lazima nijaribu leo."

"Kiatu kinanunuliwa bila kuvaliwa?"

"Wapo wanaonunua hivyo."

"Ndiyo maana wanachechemea. Kaa hapo."

Alikuwa na furaha ya mtu anayemchagulia mpenzi wake zawadi. Katika kazi yake, kioo kizuri ni kile kisichoficha kitu. Aliamini kwamba mkono hodari kama ule ulistahili kifaa kisichokosa hata pumzi. Hakujua kwamba alikuwa amemchagulia hakimu.

Mstari alikaa. Alitazama kibao kwa muda, halafu akamtazama Fundi Miwani, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Fundi Miwani aliwahi kukiona kwa wateja wanaosubiri kuambiwa kama wataendelea kuona. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni. Alishika kalamu. Akabana pumzi, akapiga mstari kutoka kushoto kwenda kulia.

Mstari ule ulitokea na mawimbi madogo madogo, kama maji ya beseni lililogongwa na mguu.

"Usijali, kaka," msichana alisema haraka. "Hiki kinashika kila kitu, nilikwambia. Ngoja niwashe ile sehemu ya kutuliza mstari. Tunaizima ili wateja waisikie kalamu." Akagusa mahali fulani pembeni ya kioo. "Haya, piga tena."

Alipiga tena. Mstari ukatoka umenyooka kama uzi wa mwashi.

"Umeona! Mkono ucheze, usicheze, wenyewe unanyooka!"

Lakini Fundi Miwani hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akiutazama mkono. Mstari ulikuwa umetulia juu ya kioo, na mkono uliouchora ulikuwa ukitetemeka juu yake, vidole vikicheza kama majani ya tawi lililorukiwa na ndege.

Siku ya kwanza ikamrudia. Mwanaume mrefu, shati lililofunguka kolani, ameingia dukani kwake na kusema, "Fundi, naona mistari inapinda." Alimpima macho mara tatu, akabadilisha lenzi hii na ile, asipate kasoro. "Macho yako hayana neno," alimwambia, na yule mwanaume akamtazama kwa huzuni ambayo hakuielewa. Alirudi wiki iliyofuata kutaka akaziwe skrubu ambayo haikuwa imelegea. Akarudi tena. Fundi Miwani alikuwa amecheka moyoni: huyu ananitafuta mimi. Kumbe alikuwa akitafuta lenzi ya kunyoosha mkono!

Kengele ya mlango wa chini ililia. Msichana wa duka akaomba radhi, akashuka kumpokea mteja.

"Tangu lini?" Fundi Miwani aliuliza.

"Kabla yako."

"Ni pombe?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Alitamani alirudishe kooni. Mstari hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma kuliko hasira.

"Hata wewe?"

"Sijauliza mimi. Ameuliza shangazi, kwa mdomo wangu."

"Kila mtu anauliza. Yule mwenye saluni alinipa maji ya ndimu, akaniambia, 'Pole, kaka, punguza kidogo.' Nikayanywa. Ningemwambia nini?" Aliweka kalamu mezani, nayo ikagongagonga kabla ya kutulia. "Sijawahi kuonja pombe, Fundi. Ni mishipa. Baba yangu alikuwa hivi, na baba yake. Daktari amesema haitaniua, wala haitapona. Nikiuacha mkono, umetulia. Nikitaka kufanya kitu ndipo unapoanza. Na kadiri ninavyokitaka, ndivyo unavyocheza."

"Ndiyo maana hukuja kwa shangazi?"

"Mara ya kwanza nilifika mpaka kona ya nyumba yenu. Nimevaa vizuri. Nikawaza, mama huyu atanipa chai. Kikombe na kisahani vitalia kama kengele ya shule. Yeye atanitazama, na wewe utamtazama akinitazama. Nikageuka."

"Na kazi iliyokukaba?"

"Kazi gani? Ngazi ya kuegemeza ukutani sipandi tena. Mabango ya juu nampa mwenzangu. Ndiyo maana nataka kibao."

Fundi Miwani alivuta kiti akakaa. Alidhani angelia, lakini kilichompanda kilikuwa hasira.

"Kwa hiyo ulitaka mashine ikufiche. Hata kwangu."

"Nilitaka nikuoe nikiwa bado Mstari."

"Mimi sikuchumbiwa na rula!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Unajua umenifanya nini? Nimekaa nikidhani mkono wangu mimi ndio una kasoro. Nimeutazama. Nimeupaka mafuta. Nimejiuliza, ni mgumu? Unanuka dawa ya kusafishia vioo? Mchumba gani huyu anayekimbia kiganja? Mwanaume mzima, umenidanganya kwa mifuko ya suruali!"

"Ni kweli," alisema Mstari. "Nimekukosea."

Chini, msichana wa duka alisikika akimwelezea mtu aina za karatasi.

"Bado hatujaonana na wakubwa," Mstari aliendelea, akiitazama meza. "Ukimwambia shangazi kwamba basi, hakuna atakayekulaumu. Fikiri vizuri. Huko mbele huenda nitahitaji mtu wa kunifunga vifungo. Wa kunimiminia maji. Watu watakuuliza barabarani kama mumeo amekunywa. Si siku moja. Siku zote."

Mwingine angemkatiza, angemrukia kwa machozi na viapo. Fundi Miwani hakumkatiza. Alifikiri kweli, kama alivyoambiwa. Aliwaza vifungo. Aliwaza meza yenye watu wawili na kijiko kinachogonga sahani kila siku mpaka uzee. Aliwaza macho ya majirani. Akafumba macho yake na kuomba, si maombi marefu. Ee Mungu, usinipe jibu la huruma, alisema moyoni. Huruma huchoka. Nipe jibu lingine, au nipe nguvu ya kuondoka kwa adabu.

Hakusikia sauti yoyote. Alipofumbua macho alijikuta tu ana swali.

"Kifungo kipi kinakusumbua zaidi?"

"Nini?"

"Katika shati. Kipi?"

Mstari alishangaa. "Cha kola."

"Sasa unakifungaje?"

"Sikifungi."

Alimtazama kolani. Palikuwa wazi, kama palivyokuwa siku zote tangu siku ile ya kwanza. "Na mimi nilidhani ni maringo," alisema polepole. "Nilimwambia shangazi, 'Ana maringo kidogo, lakini yanampendeza.'"

Mstari alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka, naye Fundi Miwani kikamshika, wakacheka mpaka wakafuta machozi, na hakuna aliyejua ni machozi ya kitu gani. Na katikati ya kicheko kile Fundi Miwani akagundua kwamba hakuwa akimwonea huruma hata kidogo. Alikuwa akitaka kukaa na mtu huyu acheke naye. Basi hilo ndilo lilikuwa jibu, naye alilitambua.

"Nipe," alisema.

"Nini?"

"Mkono."

"Utacheza, Fundi."

"Nimesikia. Kadiri unavyokitaka kitu. Basi nione unavyonitaka."

Aliunyoosha. Ulivuka meza ukitetemeka kuliko ulivyotetemeka juu ya kibao, na ulipofika, Fundi Miwani akaupokea kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na sugu za brashi kwenye kidole cha kati, na rangi ya buluu chini ya ukucha ambayo sabuni ilikuwa imeishindwa. Haukutulia. Yeye naye hakuubana ili utulie. Aliuacha ucheze ndani ya viganja vyake, akamtazama mwenyewe usoni, naye Mstari kwa mara ya kwanza hakuyakwepa macho yake.

"Samahani!" Msichana wa duka alikuwa amesimama juu ya ngazi. Aligeuka kutazama ukuta. "Nirudi baadaye?"

"Rudi sasa," alisema Fundi Miwani, bila kuuachia mkono. "Hicho kinachohisi kila kitu kiondoe. Nilikosea."

"Si kwa ubaya, dada, lakini ni kibao kizuri."

"Kizuri, lakini si chetu."

Mstari alikuwa akivitazama vibao upya, safari hii kama fundi anayechagua mbao. "Kile kikubwa," alisema. "Kisicho na kioo."

"Kile? Kinataka nafasi, kaka. Wengi wanapenda kidogo, cha kuweka kwenye begi."

"Kidogo kinataka vidole. Mimi ukutani sijawahi kuchora kwa vidole. Nachora kwa bega."

Kililetwa. Kilikuwa cheusi, kipana, na uso wake ulikwaruza kidogo kama karatasi ngumu. Mstari alilaza mkono wote juu yake, tangu kiwiko. Akanyanyua macho kwenye kompyuta, akaisogeza kalamu kwa bega, polepole, kama anayefunga pazia.

"Nitulize mstari au nisitulize?" msichana aliuliza.

Alifikiri. "Weka nusu."

Mstari uliotokea haukuwa kama uzi wa mwashi. Ulikuwa na wimbi hafifu, la kuonekana ukiinama. Ulifanana na mwandiko wa mtu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Kazi za wateja nitawasha yote," alisema. "Wao wanataka kunyooka, na ni haki yao. Zangu mwenyewe, acha hivi."

"Na kutouona mkono wako wakati unachora?" Fundi Miwani aliuliza. "Mimi ningeshindwa."

"Kwangu ni mapumziko, Fundi. Nimeutazama mkono huu miaka mingi mno."

Fundi Miwani alichukua simu kwenye mkoba wake.

"Unampigia nani?"

"Shangazi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Jumapili ni mbali, mtu anaweza kupata homa."

Aliiweka simu mezani, sauti ikisikika na wote, kati ya vibao. Iliita mara kadhaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unaniambia haji tena, sivyo?"

"Yuko hapa. Anataka kusema nawe."

"Nani? Huyo mlevi?"

Neno lilijaa duka zima. Msichana alishika mdomo wake. Mstari akasogea karibu na simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Sinywi. Lakini mikono inatetemeka, hilo ni kweli. Nimeirithi. Haitapona, na haitaniua. Niliogopa usije ukaiona, ndiyo maana sikuja. Umepika mara mbili ukaningoja. Nimekukosea adabu, mama, naomba radhi."

Upande wa pili kilisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa mahali.

"Binti anajua?"

"Amejua leo."

"Leo! Yuko wapi?"

"Nipo, shangazi."

"Umelisikia hilo la kutopona?"

"Nimelisikia."

"Umeomba?"

"Nimeomba."

"Na umejibiwa?"

Fundi Miwani aliutazama mkono uliokuwa ukicheza ukingoni mwa kibao. "Nimeushika mkono wake, shangazi, na sitaki kuuachia."

"Ala! Mbele za watu?"

"Mbele za msichana wa duka."

"Mimi sijaona kitu, mama!" msichana alipaza sauti, na shangazi akaguna kwa namna ambayo ingeweza kuwa kicheko kwa mtu mwingine.

"Nisikilizeni nyote wawili. Mimi sijakubali. Nimemlea binti huyu peke yangu, na sikumlea awe wa kumuuguza mumewe. Hilo nitalisema, na nitalisema mbele yako. Kukataa, nikitaka nitakataa. Lakini simkatai mtu ambaye sijamwona. Njoo Jumapili, mwanangu. Na uje na mikono yako nje."

Simu ikakatika.

Fundi Miwani alitaka kumwambia asijipe moyo sana, kwamba shangazi humwita mwanangu hata mtu anayemdai. Hakumwambia. Mstari alikuwa ameinamisha kichwa, amekaa, na mikono yake yote miwili ilikuwa imelala wazi juu ya magoti, viganja juu, ikitetemeka mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti.

Fundi Miwani hakumuuliza anasema nini, kwa kuwa hakuwa akisema naye. Alisimama kando yake akangoja. Msichana wa duka, aliyekwishaleta boksi la kile kibao kikubwa, akalikumbatia kifuani, akangoja pia.